Gari la Kipimo cha Ketsia

Ukiuliza sokoni Gitega nani anajua vitenge, utaonyeshwa Baguma kabla hujamaliza swali. Akishika kitambaa kwa vidole viwili, anakuambia kimetoka wapi, kama kitachuja au hakitachuja, na mwanamke wa umbo gani kitamkaa vizuri. Hakosei. Alikuja Burundi kutoka upande wa Uvira akiwa na robota la nguo begani, mke mbele yake, na mtoto mgongoni mwa mke. Leo ana duka lenye milango miwili na nyumba ya matofali mtaa wa Magarama. Ni mcheshi, ni mkarimu, na kwenye kwaya ya kanisa lao sauti nzito ni yake. Ana ila moja tu, na mimi nisingeandika habari hii kama ila hiyo ingekuwa ndogo.

Baguma aliona aibu kwa sababu ya mguu wa binti yake.

Binti huyo ni Ketsia, yule mtoto wa mgongoni. Walipokuwa njiani wakikimbia vita alishikwa na malaria, akachomwa sindano ya kinini mahali pasipostahili, mshipa ukafa. Homa iliondoka, mguu mmoja ukabaki umelegea. Sindano za namna hiyo zimelemaza watoto wengi huku kwetu, na hakuna aliyemcheka Baguma kwa hilo. Kucheka kulikuwa kichwani mwake mwenyewe.

Tusimsingizie. Hakumpiga Ketsia, hakumnyima chakula wala shule. Alichofanya ni kumficha, tena kwa upole, mpaka ukadhani ni mapenzi. Jumapili familia ile ilifika kanisani kabla ya mtu mwingine yeyote, ili waumini wakiingia wamkute Ketsia ameketi. Picha zote za nyumbani kwao zinamwonyesha ameketi. Mgeni akibisha hodi, Ketsia yuko kitini tayari, sketi ndefu imefika kwenye viatu. Na siku zilizoshindikana, siku ambazo Ketsia ilimbidi ainuke apite mbele ya watu na mkongojo wake, Baguma alipata kitu kingine cha kutazama. Alitazama saa, alitazama dari, alifunga upya kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Cibalonza, mkewe, ndiye aliyembeba mtoto kwenda kwa wakandaji. Ndiye aliyemwogesha, ndiye aliyejifunza kumfunga chuma cha mguu asubuhi na kukifungua jioni. Baguma alikuwa safarini kutafuta mali. Ndivyo alivyosema, na ni kweli, alikuwa safarini. Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Baguma alizaa kwanza, ndipo akaanza kuficha.

Ketsia mwenyewe hakurithi aibu ya baba yake, alirithi ulimi wa mama yake. Alisomea mambo ya dawa, akafanya kazi katika famasi moja pale Gitega, na wagonjwa walimpenda kwa sababu hakuwaficha kitu. Akachumbiwa na Eliud, muuguzi wa Muyinga, kijana mpole ambaye wazazi wake, Ignasi na Melania, walikulia Tanzania ukimbizini na sasa wanalima Buhinyuza, karibu kabisa na mpaka. Kazi nayo ilimfuata kulekule aendako kuolewa. Alipewa nafasi ya kusimamia dawa za vituo vya afya vya Muyinga: kupita kila kituo, kukagua stoo, kuona nini kimepungua na nini kimeharibika. Wenye kazi walimwambia wazi kwamba mtu wa nafasi hiyo lazima awe na namna yake ya kufika vilimani. Pikipiki zilikwisha kumwangusha, mkongojo huku yeye kule. Kwa hiyo maisha aliyoyataka yalisimama juu ya kitu kimoja, gari analoweza kuliendesha mwenyewe.

Baba yake aliahidi kumpa gari hilo kama zawadi, akabidhiwe mbele ya wakwe siku ya mahari.

Sasa, pale Gitega yuko mtu aitwaye Waziri, mwenye uwanja wa magari, na kwake gari jipya linapatikana kwa njia mbili. Ya kwanza unaingia uwanjani, unachagua lililopo, unaondoka nalo, na jioni majirani wanasimulia habari zako. Ya pili wanaiita komande. Unaagiza kiwandani, gari linaundwa kwa kipimo chako, unangoja meli, unangoja bandari ya Dar es Salaam, unangoja forodha pale Kobero, na huku kila mtu anakuuliza liko wapi. Ketsia alichukua ya pili kwa sababu ya kwanza haikumfaa. Alitaka breki na mafuta viende kwa mkono: wenzo mmoja kando ya usukani, ukiusukuma gari linasimama, ukiuvuta linakwenda. Alitaka kiti kinachogeukia mlangoni, apande bila kuinuliwa na mtu. Nyuma alitaka nafasi ya maboksi ya dawa. Waziri alimuunganisha kwa simu na fundi wa kampuni, na binti wa watu akakaa pale ofisini akijibu maswali ya mwili wake mmoja mmoja, kiungo kwa kiungo, mbele ya mwanaume asiyemjua. Alirudi nyumbani amefurahi.

"Papa, wamenipima kama anavyopima fundi wa nguo," alisema. "Waliuliza mpaka nguvu ya vidole."

"Bon," alisema Baguma. "Na rangi?"

"Kijani."

"Kijani iko muzuri."

Akageukia redio. Juu ya gari lile hakuuliza neno jingine.

Kusubiri ni kazi, na Baguma hakuwa na kipaji cha kazi hiyo. Kosa lake la kwanza lilikuwa kujigamba mapema. Kwaya nzima ilijua, soko zima lilijua, Wakongo wote wa Gitega walijua kwamba Baguma anamletea binti yake gari kutoka kiwandani, bado lina nailoni kwenye viti. Miezi ikapita, nailoni haikuonekana. Siku moja baada ya mazoezi ya kwaya mwenzake mmoja akasema labda gari lile linakuja kwa miguu. Watu walicheka bila ubaya wowote. Baguma alisikia neno miguu, akaondoka bila kuaga.

Siku ya mahari ilipokuwa inakaribia alikwenda kwa Waziri. Gari la kijani, akaambiwa, bado liko kiwandani, linamaliziwa, si muda litaingia melini. Lakini pale uwanjani, mbele ya macho yake, palisimama jeupe, refu, linalong'aa, la aina ile ambayo wakubwa wanapanda.

"Na hii?" aliuliza Baguma.

"Hii iko hapa, Papa Ketsia. We unaitaka leo, unatoka nayo leo. Lakini haiwezi kumusaidia Ketsia. Hii ni ya miguu."

"Gari yote ni ya miguu."

"Ya Ketsia hapana."

Baguma aligeuka kutazama kama kuna mtu amesikia. Hakukuwa na mtu ila mlinzi, naye alikuwa mbali akipiga mswaki.

"Sikia, Waziri," alisema kwa sauti ya chini. "Bakwe banakuja kutoka Muyinga. Banakuja kuona gari, habakuje kuona mashini ya hospitali. Mutu akichungulia ndani, akute ile vyuma, atasema nini? Iachilie ile. Nipe hii."

"Umemuuliza Ketsia?"

"Mi njo baba yake."

"Nikiiachilia, kiwanda itamupa mwingine mwenye kuitafuta. Hairudi."

"Iachilie."

Nyumbani alijiambia kwamba ni haraka ndiyo iliyomfanya, tarehe, wageni, heshima ya nyumba. Aliirudia sababu hiyo mpaka akaanza kuiamini. Lakini mtu mwenye haraka angekopa gari kwa siku moja, akaliacha la mwanawe lije. Baguma aliona nafasi ya kuficha, akaidaka.

Ketsia aliambiwa na baba yake hivi: kiwanda kimeshindwa, wamesema gari la namna ile haliwezekani, kwa hiyo Papa amechukua zuri kuliko lile. Ketsia alifungua mlango wa gari jeupe, akainama, akatazama pedali.

"Papa, hii nitaiendesha na nini?"

"Utapata shofa. Bibi ya mutu anaendeshwa."

Ketsia akafunga mlango polepole, kama mtu anayefunga chumba cha mgonjwa aliyelala. Hakulia. Hata Eliud hakumwambia, asimfedheheshe baba yake kwa wakwe. Cibalonza alikuwa amesimama jikoni na mwiko mkononi, amesikia yote. Aliishi na mwanaume yule muda mrefu, harufu ya uongo wake aliijua. Tangu saa ile alimpa chakula na maji ya kuoga, maneno akamnyima.

Siku ya mahari turubai zilifungwa uani, viti vikakodiwa, fanta zikapozwa. Ketsia alikuwa kitini mapema, amependeza, kitenge cha bei kimefunika kila kitu kuanzia kiunoni kwenda chini. Gari jeupe liliegeshwa langoni, limeoshwa mpaka matairi. Kama kawaida ya siku hizi za uhaba wa mafuta, halikuwa na esansi. Vijana wa kwaya walilisukuma kutoka nyuma ya nyumba, na Baguma akawaomba wasimwambie mtu.

Wakwe walifika kutoka Buhinyuza kwa basi dogo la kukodi, wakashuka wakiimba. Walileta vikapu vya maharage, mikungu ya ndizi, mbuzi, na kitu kimoja kikubwa kilichofungwa kitenge kama mtoto. Wasemaji wa pande mbili wakasimama, wakafanyiana ule mchezo wetu wa maneno: hawa wanajifanya wamepotea njia, wale wanajifanya hawana binti. Watu walicheka panapochekwa. Mahari ikakubaliwa. Kisha msemaji wa Baguma akanyoosha mkono kuelekea langoni, akatangaza zawadi ya baba kwa mwanawe. Vigelegele vikapigwa, na Baguma, nakuambia, alikuwa amejaa kifuani kama jogoo.

Ndipo akasimama Melania, mama wa bwana harusi. Mwanamke mrefu, mikono ya jembe, na Kiswahili kilichonyooka cha watu waliosoma Tanzania.

"Tunashukuru sana, mkwe wetu," alisema. "Sisi wa Buhinyuza ni wakulima, hatuwezi kuleta gari. Lakini tunajua shida ya mafuta ilivyo, tukasema haifai binti yetu apewe gari halafu lilale. Baba Eliud, fungua."

Ignasi akafungua kile kitenge. Ndani mlikuwa na dumu la esansi, limejaa hadi shingoni. Hapo makofi yalizidi yale ya gari, maana pale uani walikuwepo watu waliolala kwenye foleni ya kituo cha mafuta wakatoka mikono mitupu, na sasa walimeza mate kama wameona nyama. Namna dumu lilivyovuka mpaka hakuna aliyeuliza. Hayo si maswali ya kuuliza kwenye mahari.

"Sasa tunaomba jambo moja," Melania aliendelea. "Eliud alituambia mchumba wake ataendesha kwa mikono. Mimi nimewaambia wanawake wote wa jumuiya yangu kwamba nimepata mkwe wa kuendesha gari kwa mikono mitupu. Hawakuamini, wamesema napiga chuku. Nimewaahidi nitaona kwa macho yangu. Mafuta haya hapa. Naomba binti yetu aliwashe, atuzungushe hapa barabarani kidogo tu, tukitoka hapa tuwe na la kusimulia."

Watu wakapiga makofi tena. Ketsia aliinamisha uso. Baguma akasimama, tabasamu bado liko mdomoni lakini macho yameshaondoka.

"Mama Eliud, enfin, ile ya mikono, kiwanda ilishindwa. Balisema haiwezekani. Juu ya ile tulichukua hii."

"Pole sana," alisema Ignasi, na alisema kwa huruma ya kweli. Kisha akamgeukia Waziri, aliyealikwa kama mtu wa heshima na aliyeketi safu ya mbele na fanta yake. "Wewe ndiye mwenye magari, ndugu? Imekuwaje kiwanda kishindwe? Mwanangu alinionyesha kwenye simu picha ya gari lenyewe aliyotumiwa Ketsia na kiwanda, limeshafungwa huo wenzo."

Waziri alimtazama Baguma. Baguma alimtazama Waziri kwa macho ya kuomba. Lakini mfanyabiashara ana jina lake la kulinda, na pale uani walikuwepo wateja wake wa kesho.

"Kiwanda haikushindwa, mzee," alisema Waziri. "Ile gari ilikuwa karibu ya kuisha. Papa Ketsia njo aliniambia tuiachilie."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa fupi kupita kiasi. Waliokuwa wanafungua chupa waliacha. Baguma alitamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi ya Magarama ni ngumu.

"Kwa nini, mkwe?" aliuliza Melania. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu asiyeelewa, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Aliyejibu ni Ketsia, bado ameketi, kwa sauti ileile ya kumweleza mgonjwa dawa.

"Papa anasikia haya juu ya mguu yangu, Mama. Hakutaka muone."

"Tusione nini?" alisema Melania. Alitazama kulia na kushoto kana kwamba anatafuta kilichofichwa. "Eliud ana macho. Mimi nina macho. Tulipokuja kumwomba, tulimwomba na mguu wake."

Akaketi. Msemaji wa upande wa Baguma alijaribu kutia mzaha, mzaha ukafa njiani. Chakula kililiwa, tena kilikuwa kizuri, lakini watu walikula wakitazama sahani zao. Wakwe walipoaga walimpa Baguma mkono kwa heshima zote, kila mmoja, na kila mkono ulimuunguza.

Harusi ilifanyika bila tatizo. Ketsia hakupanda gari jeupe hata siku hiyo, alipanda basi dogo pamoja na wakwe zake. Muyinga alipewa meza, akawa anahesabu maboksi stoo, na mwenzake mwenye miguu miwili mizima akapita vilimani kwa niaba yake. Wenye kazi walimwambia watamshikia nafasi kwa muda, lakini si milele. Kila alipopiga simu nyumbani aliongea na mama yake, akisema msalimie Papa.

Ile aibu ya zamani ilimgeukia Baguma, ikashika mahali pabaya zaidi. Kwanza alikuwa akiona haya kwa sababu ya mtoto wake, sasa aliona haya kwa sababu yake mwenyewe, na hiyo haifunikwi na kitenge. Sokoni alianza kukata kitambaa kifupi kuliko kilichoombwa, si kwa wizi, kwa akili kutokuwepo. Kwenye kwaya alihamia safu ya nyuma, sauti yake nzito ikawa haisikiki. Gari jeupe alilirudisha kwa Waziri kwa hasara ambayo sitaitaja, maana si yangu. Kisha akapiga moyo konde, akampigia Ketsia.

"Ketsia, mi nitaagiza ingine. Kama ile. Njoo tuende pamoja."

"Siende, Papa," alisema Ketsia. "Nilishamwambia mutu mambo yote ya mwili wangu, we ukaitupa. Ukitaka kuagiza, nenda we mwenyewe, useme we mwenyewe."

Baguma alimfuata Waziri, Waziri akakataa kushika komande yake tena. Alisema wale wa kiwanda sasa wanamwona yeye Waziri ndiye mtu wa kubadilika badilika. Akamwelekeza kwa mama mmoja wa Muyinga mjini, Mwajuma, anayeagizia watu magari na ana uwanja wake pia. Baguma akamgeukia Cibalonza, akamwomba wafuatane, yeye anajua kueleza.

"Nenda," alisema Cibalonza. Lilikuwa neno la kwanza baada ya muda mrefu. "Mi nilimubeba Ketsia. We beba hii."

Basi la Muyinga linapita Karuzi, na njia nzima Baguma alikuwa akifanya mazoezi. Kuna neno moja ambalo hakuwahi kulitamka, si kanisani, si nyumbani, si kwenye sala. Alilitamka midomo ikicheza bila sauti: binti yangu ni kilema, binti yangu ni kilema. Abiria wa kando yake alidhani anasali, akazima muziki wa simu yake kwa adabu. Jasho lilimtoka Baguma, na hewa ya Karuzi ni ya baridi.

Ofisi ya Mwajuma ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wazi, magari yamepangwa nje, na ndani benchi limejaa watu wanaosubiri zamu. Mwajuma mwenyewe alikuwa na mtandio wa zambarau, miwani puani, na vidole vyepesi juu ya kompyuta. Zamu ya Baguma ilipofika, benchi lote lilikuwa nyuma yake.

"Karibu, baba. Unataka ya hapa au ya kuagiza?"

"Ya kuagiza."

"Watu wa rika lako huwa wanataka ya hapa, wakichoka kusubiri wananilaumu mimi. Kwa nini kuagiza?"

Baguma alishika ukingo wa meza.

"Ni ya binti yangu," alisema. "Binti yangu ni kilema. Kilema ya mguu. Anataka gari ya kuendesha na mikono."

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, ile sauti ya kwaya. Akangoja paa lianguke. Paa halikuanguka. Nyuma yake mtu mmoja aliendelea kumenya karanga, mwingine akapiga chafya. Mwajuma alisema "sawa" na kubonyeza bonyeza. Basi ni hivi tu, alijiambia Baguma. Kumbe ni hivi tu. Machozi yalimlenga kwa raha, akajiona mwepesi, akajiona mtu mpya aliyelipa deni lake lote. Kidogo acheke kwa miaka aliyoipoteza akiliogopa neno dogo namna ile.

"Rangi?"

"Kijani."

"Usukani?"

"Kushoto. Na kiti iwe ya kugeuka. Na nyuma nafasi ya maboksi, yeye njo anasimamia dawa ya vituo vyote vya huku." Sasa alikuwa anasema kwa fahari, hata amegeuka kidogo ili benchi lisikie.

"Mashallah," alisema Mwajuma. "Mguu upi?"

"Mguu," alisema Baguma.

"Ndiyo, baba. Upi?"

Mwajuma alidhani Baguma hajaelewa, akamweleza taratibu, kama anavyowaeleza wote. Gari la otomatiki halina kazi na mguu wa kushoto. Kama mguu mbovu ni huo, hakuna haja ya kuagiza wala kusubiri, lipo hapo nje linalomfaa, anaweza kulichukua leo. Kama ni wa kulia, hapo ndipo inapokuja habari ya mikono na kiwanda.

"Mara ya kwanza alichagua ya mikono," alisema Baguma.

"Basi nahisi ni wa kulia. Lakini mimi siagizi kwa kuhisi, gari likishaundwa halirudi. Wewe ndiye baba yake. Ni wa kulia?"

Mwanamke ambaye hajamtia Ketsia machoni alikuwa anakaribia kujua, na yeye aliyemzaa hawezi kusema ndiyo. Alifumba macho amwone binti yake akitembea. Alimwona ameketi kanisani, ameketi kwenye picha, ameketi kwenye mahari. Alipojaribu kumwinua, aliona saa ya ukutani, aliona dari, aliona kamba za viatu vyake mwenyewe. Mkongojo aliukumbuka. Alisikia mlio wake sakafuni. Ulikuwa mkono wa kushoto, nadhani, aliwaza, lakini je, mtu hushika mkongojo upande wa mguu mbovu au upande wa pili? Hilo nalo hakulijua. Nyuma yake karanga ziliacha kumenywa.

"Baba?" alisema Mwajuma.

Baguma alitoa simu. Akabonyeza jina la binti yake.

"Allô, Papa."

"Ketsia. Niko hapa Muyinga, kwa Mama Mwajuma. Ya gari. Anauliza mguu yako. Anauliza ni gani."

Upande wa pili kulisikika boksi likiwekwa chini. Baguma alidhani simu imekatika.

"Ketsia?"

"Ni ya kulia," alisema Ketsia. "Ya kulia, Papa."

Baguma alimgeukia Mwajuma ili amwambie, lakini simu yake ilikuwa na sauti kubwa, na wote waliokuwa kwenye benchi walikuwa wamekwisha kusikia.